Mshahara wa Jana, Miguu ya Leo

Mwanzoni mwa mwaka 2022, Ligi Kuu ya Hispania ilipochapisha ukomo wa mishahara wa klabu zake baada ya dirisha dogo la usajili, tarakimu za Barcelona zilitanguliwa na alama ya kutoa. Ukomo wao ulikuwa hasi euro milioni 144. Asiyezizoea hesabu hizi angedhani ni kosa la uchapaji, maana si rahisi kuelewa vipi klabu iambiwe kuwa haki yake ya kulipa wachezaji iko chini ya sifuri. Halikuwa kosa. Misimu miwili tu nyuma, mwaka 2019/20, klabu hiyohiyo ilikuwa na ukomo wa euro milioni 671, mkubwa kuliko wa klabu nyingine yoyote nchini humo, Real Madrid ikiwemo. Msimu uliofuata ukashuka hadi milioni 382, kisha Septemba 2021 ukaporomoka hadi milioni 98, na baada ya Januari ukatoboka kabisa. Mashabiki wengi, wa Catalunya na wa vibanda umiza vya huku kwetu, walipata jibu la haraka: La Liga na rais wake, Javier Tebas, wameionea Barcelona. Wengine wakasema ni janga la corona. Wengine wakamlaumu mtu mmoja, rais wa zamani wa klabu, Josep Maria Bartomeu. Kila jibu lina chembe ya ukweli, lakini yote yanazunguka kiini cha jambo bila kukigusa.

Naona ukomo haukuiponza Barcelona, na wala uzee wa wachezaji wake peke yake haukuiponza. Kilichoiponza ni kuandika mikataba ya kesho kwa sifa za jana: kumlipa mtu wa miaka 33 kwa kazi aliyoifanya akiwa na miaka 24, halafu fedha zilipokauka, kuyasogeza malipo hayo mbele hadi miaka ambayo miguu yake ingekuwa imechoka zaidi. Timu ya namna hiyo huzeeka mara mbili, mara moja uwanjani na mara ya pili kwenye daftari la madeni. Uzee wa uwanjani una dawa, kwa kuwa mchezaji hustaafu na kijana akaingia. Uzee wa daftarini hauna huruma hiyo. Mchezaji huondoka, deni lake likabaki na jezi.

Tuanze na jinsi ukomo unavyofanya kazi, kwa sababu wanaoulaumu mara nyingi huuchukulia kama faini, na sivyo ulivyo. La Liga iliweka udhibiti huu mwaka 2013. Mantiki yake haitofautiani sana na ya mama wa nyumbani anayepanga matumizi ya mwezi. Chukua mapato yanayotarajiwa, toa gharama za kuendesha klabu zisizo za uwanjani, toa madeni yanayopaswa kulipwa mwaka huo, na kinachobaki ndicho unachoweza kutumia kwa kikosi. Ndani ya kikosi hakuna mishahara tu. Imo pia ada ya uhamisho ya kila mchezaji, iliyogawanywa kwa miaka ya mkataba wake. Kwa hiyo ukomo wa Madrid na ukomo wa Getafe havifanani, kila mmoja hukatiwa nguo kwa urefu wake. Tofauti kubwa na utaratibu wa shirikisho la Ulaya, UEFA, ni wakati. UEFA hukagua hesabu za mwaka uliokwisha, ndipo ikaadhibu. La Liga hukagua kabla, na asiye na nafasi hasajili mchezaji. Basi ile hasi milioni 144 ilisema jambo moja la wazi: hata kama Barcelona isingekuwa na mchezaji hata mmoja, bado mapato yake ya mwaka yasingetosha kufunika gharama nyingine na hasara zilizorundikana.

Klabu iliyofika huko haikuwa maskini. Katika orodha ya mapato inayoandaliwa na kampuni ya Deloitte, Barcelona ilishika nafasi ya kwanza kwa msimu wa 2018/19, ikiwa na euro milioni 840.8. Tatizo lilikuwa mwelekeo wa fedha hizo. Agosti 2017 Paris Saint-Germain ilimchukua Neymar kwa milioni 222, na Barcelona, ikiwa na kitita mkononi na kidonda moyoni, ikaingia sokoni kila muuzaji akijua imebeba nini. Ousmane Dembélé alinunuliwa kwa milioni 105 za kuanzia, Philippe Coutinho kwa 120, na mwaka 2019 Antoine Griezmann kwa 120 nyingine. Gawanya ada ya Griezmann kwa miaka mitano ya mkataba wake, upate milioni 24 zinazokatwa kwenye ukomo kila mwaka, acheze asicheze, kabla hata ya mshahara. Wakati huohuo mikataba ya wakongwe ilikuwa ikipanda kama ngazi. Mgeni akija na mshahara mnono, mwenyeji mwenye makombe huuliza, na ana haki ya kuuliza, kwa nini yeye apate pungufu. Januari 2021 gazeti la El Mundo lilifichua kwamba mkataba wa Lionel Messi wa miaka minne ulikuwa na thamani ya hadi euro milioni 555. Messi aliyastahili kuliko mtu yeyote. Lakini ngazi ikishasimikwa, mwenye cheo cha pili naye hupanda, na wa tatu nyuma yake, hadi chumba kizima kinalipwa kwa kipimo cha mchezaji ambaye duniani hakuna wa pili wake.

Uwanja ulitoa hukumu kabla ya wahasibu. Tarehe 14 Agosti 2020, mjini Lisbon, Bayern Munich iliifunga Barcelona 8-2 katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Katika kikosi kilichoanza siku hiyo, wachezaji sita walikuwa wamevuka miaka 30: Gerard Piqué, Jordi Alba, Sergio Busquets, Arturo Vidal, Luis Suárez na Messi mwenyewe. Mabao mawili ya mwisho ya Bayern yalifungwa na Coutinho, mchezaji wa Barcelona aliyekuwa kwa mkopo Ujerumani. Klabu iliyokuwa bado inamhesabu daftarini kwa ada ya milioni 120 ilimtazama akiizika. Ingelikuwapo siku ya kukiri kwamba kikosi kimefika mwisho wa safari na mikataba yake inapaswa kuandikwa upya kwa kipimo kipya, ilikuwa ile.

Kilichofanyika ni kinyume chake. Tarehe 20 Oktoba 2020, siku saba kabla Bartomeu hajajiuzulu, klabu ilitangaza mikataba mipya ya wachezaji wanne: Piqué hadi 2024, Marc-André ter Stegen hadi 2025, Clément Lenglet na Frenkie de Jong hadi 2026. Corona ilikuwa imefunga viwanja, na shabaha ilikuwa kupunguza mishahara ya mwaka ule. Kwa lugha ya siku ile, wachezaji walikubali kupunguziwa. Kwa lugha ya mkopeshaji, walikubali kusubiri. Kilichopunguzwa msimu ule kilihamishiwa misimu ya mbele, na kwa hiyo mshahara ulikuwa unakua kadiri mchezaji anavyozeeka. Piqué alikuwa na miaka 33; mkataba ungeisha akiwa na 37. Wahenga walilisema hili zamani, bila mhasibu wala mwanasheria: kukopa harusi, kulipa matanga. Na harusi hii haikuwa hata na ngoma, kwa kuwa fedha zilizookolewa hazikununua kitu. Ziliziba tu tundu la mwaka mmoja kwa udongo uliochimbwa kwenye miaka mitatu inayofuata.

Matanga yakafika Agosti 2021. Messi, mwenye miaka 34, alikuwa tayari kupunguza nusu ya mshahara wake. Haikusaidia. Rais mpya, Joan Laporta, alieleza kwamba pamoja na Messi mishahara ingezidi mapato, na hata bila yeye ingemeza asilimia 95 ya mapato hayo. Kwa kuwa klabu ilikuwa imeshavuka ukomo, kanuni ya wakati ule iliiruhusu kutumia euro moja tu katika kila nne ilizookoa. Tarehe 5 Agosti ikatangaza kwamba hatabaki, na siku tano baadaye alikuwa mchezaji wa Paris. Wiki hiyohiyo Piqué alikubali kukatwa sehemu kubwa ya mshahara ili Memphis Depay na Eric García, waliokuwa wamekuja bila ada, waweze kuandikishwa kabla ya mechi ya kwanza. Hapo mkongwe alionyesha uungwana ambao waajiri wake hawakuonyesha busara ya kuufanya usihitajike. Messi alikwenda, lakini sehemu ya mishahara yake iliyoahirishwa iliendelea kudaiwa klabuni kwa miaka. Kwa muda fulani, Barcelona ilikuwa ikimlipa mchezaji bora wa historia yake huku akicheza kwingine.

Watetezi watasema: corona ingeiangusha klabu yoyote yenye uwanja mkubwa kuliko wote Ulaya na makumbusho yanayojaa watalii. Ni kweli kwamba Barcelona ilitegemea mno mapato ya siku ya mechi na wageni, na hasara yake ya msimu wa 2020/21 ilikuwa euro milioni 481. Lakini maili mia kadhaa kutoka hapo, Real Madrid ilipitia janga hilohilo, uwanja wake ukifungwa vilevile, ikafunga mwaka na faida ndogo isiyofika milioni moja. Ukomo wa Madrid Septemba 2021 ulikuwa milioni 739, wa Barcelona 98. Mvua iliyonyesha ilikuwa moja, paa ndizo zilizotofautiana. Na siri ya paa la Madrid inaonekana katika jambo lililowaudhi hata mashabiki wao. Juni 2021 walimwacha nahodha Sergio Ramos aondoke. Alikuwa na miaka 35 na alitaka miaka miwili, klabu ilitoa mmoja na mshahara pungufu. Alipokuja kukubali, aliambiwa muda wa ofa umepita. Ulikuwa ukatili wa aina yake, na sina haja ya kuupamba. Lakini ulisimama juu ya kanuni inayojulikana na kila mtu klabuni pale: ukishavuka 30 kwa mbali, mkataba ni mwaka mmoja mmoja.

Hapo ndipo hoja ya pili, nzito zaidi, inapoingia. Je, si utovu wa shukrani kumpima kwa mwaka mmoja mtu aliyeitumikia klabu miaka kumi na tano? Na kwani utu uzima si dawa? Nakubali utu uzima ni dawa, na ushahidi ni mwingi. Luka Modrić alitwaa Ligi ya Mabingwa mwaka 2022 akiwa na miaka 36. Luis Suárez, ambaye Barcelona ilimwona amekwisha akiwa na 33, alikwenda Atlético Madrid na kufunga mabao 21 yaliyowapa ubingwa wa 2020/21. Robert Lewandowski alikuja Barcelona mwaka 2022 akikaribia 34, akawa mfungaji bora wa ligi msimu wake wa kwanza na klabu ikatwaa taji. Ng'ombe hazeeki maini. Lakini tazama kwa makini mifano hii inasema nini. Modrić alidumu Madrid hadi 2025 kwa kuongeza mwaka mmoja kila mara, kila mkataba ukijibu swali la msimu unaokuja tu. Suárez ni yuleyule, miguu ni ileile, ila Atlético walimpata kwa ada isiyozidi milioni sita na mkataba wa miaka miwili ulioandikwa kwa ajili ya mtu wa miaka 33. Barcelona ilikuwa imembeba kwa mkataba wa mtu aliyekuwa kwenye kilele cha ubora wake. Mchezaji mmoja, bei mbili, na kati ya bei hizo mbili ndimo ulimo ubishi wote wa makala hii. Umri si kosa. Kosa ni kuacha bei ya umri mmoja iendelee kulipwa katika umri mwingine.

Ama shukrani, ni deni la kweli, na klabu isiyolilipa haistahili wimbo wake. Ila kuna njia za kulilipa zisizomzuia kijana kusajiliwa: mechi ya kuagwa, nafasi ya ukocha kwa anayeiweza, jina kwenye jukwaa. Shukrani ikipitishwa kwenye mkataba wa kucheza hugeuka mzigo kwa mshukuriwa mwenyewe. Piqué alizomewa na mashabiki wake ambao miaka mitano nyuma wangembeba mabegani, na sehemu ya kuzomewa huko haikuhusu mpira. Ilihusu mshahara. Mkataba mkubwa mno uliwageuza mashujaa kuwa vikwazo, na hilo si zawadi ambayo mtu mwenye shukrani humpa amshukuruye.

Hoja ya tatu inaelekezwa kwa ligi: kwamba ukomo huu unaiadhibu Hispania huku Waingereza wakinunua watakavyo, na kwamba kanuni iliyomfukuza Messi ni kanuni mbovu hata kama hesabu zake ni sahihi. Ni kweli ligi ilijinyima mchezaji wake mkubwa kuliko wote, na bei ya hilo haikuwa ndogo. Lakini wanaosema hivyo wamesahau Hispania ilivyokuwa kabla. Agosti 2011 raundi ya kwanza ya ligi haikuchezwa kwa sababu wachezaji waligoma. Wenzao wengi walikuwa hawajalipwa mishahara. Klabu zilikuwa zinadaiwa mamilioni na mamlaka ya kodi. Ukomo wa 2013 ulizaliwa humo. Kanuni ambayo ingeinamia Barcelona kwa sababu ya ukubwa wa Messi ingekuwa imeshakufa siku hiyo, na mchezaji wa klabu ndogo anayedai mishahara ya miezi sita asingekuwa na pa kushika.

Inabaki hoja ya wanaosema kwamba mambo yaliisha vizuri. Katika kiangazi cha 2022 Laporta alivuta alichokiita nyenzo za kiuchumi. Aliuza robo ya mapato ya haki za televisheni za ligi kwa miaka 25 kwa kampuni ya Sixth Street ya Marekani, na karibu nusu ya Barça Studios kwa wanunuzi wengine. Ukomo ukaruka hadi milioni 656, wakaja Lewandowski, Raphinha na Jules Koundé, na taji likarudi Mei 2023. Je, si ushahidi kwamba ujasiri hulipa? Jibu limo ndani ya neno nyenzo lenyewe. Wenzo hunyanyua mzigo, haupunguzi uzito wake. Fedha ya kuuza mali huingia mara moja, mishahara hurudi kila mwezi. Sehemu ya malipo ya Barça Studios ilikwama, na ukomo ukashuka tena hadi milioni 270 Septemba 2023, kisha 204 Februari 2024. Na ile robo ya televisheni imeuzwa kwa muda gani? Lamine Yamal alitimiza miaka 15 mwezi Julai 2022, wakati mauzo hayo yakikamilishwa. Robo hiyo itakaporudi klabuni, Yamal atakuwa na miaka 40. Kizazi kimoja kilikopa dhidi ya wazee wake. Kilipoishiwa, kikakopa dhidi ya watoto.

Athari zake hazijaisha. Dani Olmo alisajiliwa Agosti 2024 kwa sababu tu Andreas Christensen aliumia kwa muda mrefu, na kanuni huruhusu kutumia sehemu kubwa ya mshahara wa majeruhi wa namna hiyo. Januari 2025 usajili huo ukafutika, hadi baraza la michezo la serikali lilipoingilia kati. Agosti 2025 zamu ikamfikia ter Stegen, mmoja wa wale wanne wa Oktoba 2020, wakati huo nahodha mwenye miaka 33 na mkataba uliorefushwa tena hadi 2028. Alifanyiwa upasuaji wa mgongo, klabu ikataka ripoti yake ya matibabu ipelekwe ligi ili nafasi ipatikane ya kumwandikisha kipa mpya, Joan García, lakini ter Stegen akasita kuridhia. Akavuliwa unahodha, kisha akaridhia, akarudishiwa. Klabu imefika mahali mgongo wa mchezaji wake unahesabiwa kama mali. Na katikati ya yote hayo, kilichoiokoa uwanjani ni walewale ambao hakuna aliyekopa kwa ajili yao: Yamal, Pau Cubarsí, Gavi na Alejandro Balde waliotoka akademi ya La Masia, na Pedri aliyetoka Las Palmas kwa ada ya kuanzia ya milioni tano. Ubingwa wa 2024/25 ulikuwa na alama zao kila mahali. Griezmann mmoja ni Pedri ishirini na wanne.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, haya yasiwe hadithi ya mbali ya mabilioni yasiyotuhusu. Ligi zetu hazina ukomo wa aina hii, na wengi hulihesabu hilo kuwa uhuru. Lakini klabu zetu kubwa zimewahi kufungiwa usajili na FIFA kwa sababu ya wachezaji wa kigeni waliovunjiwa mikataba bila kulipwa haki zao. Tofauti ya njia hizi mbili ni kwamba La Liga ilimwambia Laporta hapana kabla hajasaini. FIFA hutuambia hapana baada ya mchezaji kuondoka, kushitaki na kushinda, wakati fedha imeshatumika na msimu umeshaanza. Barcelona, pamoja na aibu zake zote, imekuwa ikilipa gharama za makosa yake kioo kikiwa mbele yake. Sisi hulipa gizani.

Nini basi kifanyike na klabu yenye wakongwe, iwe ya Catalunya au ya Kariakoo? Mkataba wa aliyevuka 30 uwe mfupi na mshahara wake ushuke kadiri unavyokwenda. Mshahara wa mchezaji usiahirishwe kwenda katika miaka ambayo hatakuwapo uwanjani, hata akikubali yeye mwenyewe. Na kabla ya kusaini, kiongozi ajiulize swali moja ambalo halihitaji mhasibu: kama mtu huyu angekuwa mgeni, hana kombe hata moja na sisi, ningempa kiasi hiki kwa miaka hii? Jibu likiwa hapana, basi tofauti iliyobaki ni shukrani, na shukrani itafutiwe mfuko mwingine. Dawa ya deni ni kulipa, lakini deni la heshima halilipwi kwa nafasi ya kijana ambaye bado hajavaa jezi.